Vichwa vya Shaba Vilivyokawia Kufika

Vijana wa bodaboda wa hapa Katindiuka mnaniita Bibi Bastola, mkidhani sisikii. Nasikia sana, kilichoisha ni macho, masikio bado. Na kwa kuwa jina limeshaota mizizi na sina nguvu ya kuling'oa, acheni leo niwaeleze lilikotoka, maana kila kijiwe kina hadithi yake. Mara nilikuwa jeshini. Mara nilikuwa mke wa jambazi. Kuna mmoja alimwapia mjukuu wangu kwamba niliwahi kumuua kiboko kwa risasi moja nikiwa ndani ya mtumbwi. Mimi sijawahi kufyatua bastola hata mara moja. Ule mlio tu ulikuwa unanifanya nitafute choo kilipo.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua vichwa. Risasi nzima, kwa msioijua, ni vitu vinne vilivyoungana: ganda la shaba, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa mbele, ambacho ndicho kinachoruka. Ukishapiga, ganda hubaki, na mwenye vifaa na kibali anaweza kulijaza tena. Bwana Stavri alikuwa navyo vyote viwili. Alikuwa Mgiriki mzaliwa wa Kilosa, Kiswahili chake safi kuliko changu, mwenye klabu ndogo ya watu wa kulenga shabaha waliokuja mwisho wa wiki kutoka Morogoro na Dar kutoboa karatasi kwa bastola. Watu wale walikula risasi kama kuku wanavyokula pumba. Kwa hiyo karakana yetu, pembeni ya barabara ya kwenda Mlimba, ilijaza maganda upya, vibali vikiwa vimetundikwa ukutani na polisi akija kuhesabu kila kitu kasoro vumbi. Msije mkasema Bibi alitufundisha. Bila kibali hiyo siyo kazi, ni kesi.

Lakini ninayetaka kuwasimulia si mimi. Ni Mzee Kasiani, fundi aliyenipokea na kunifundisha. Aliingia katika kazi ile akiwa na mikono iliyoweza kuokota unywele mezani. Namna ilivyokuja kumponyoka mikono hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu kilichoweza kuiokoa kilikuwepo, ila kilikawia.

Nilitoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Pale nilikuwa nachambua mchele wa wenye maduka, nikitoa mawe na chuya, na Bwana Stavri alipokuja kununua gunia akasimama akaniangalia muda mrefu hadi nikaanza kumchukia. Kumbe alikuwa anatafuta mtu mwenye jicho na subira. Nilipofika karakana kwake nilimkuta mzee mwembamba amevaa aproni ya turubai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mchele?"

"Ndiyo mimi."

Akachota vichwa vya risasi kwa kopo, akavimwaga kwenye ungo wa nyumbani kwake, akanisogezea. "Haya. Toa mawe."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikakaa nikachambua. Nilitoa vyenye makunyanzi, vyenye mstari katikati kama vimeunganishwa, na vyenye tundu dogo kitakoni. Alivipitia nilivyovitoa, akarudisha viwili akasema nimevionea, vingine akavitupa kwenye chungu cha kuyeyushia. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba kitako ni muhimu kuliko pua. Watu wote hutazama pua kwa sababu ndiyo nzuri. "Pua ikikwaruzwa, kichwa kitafika," alikuwa akisema. "Kitako kikiwa na pengo, utakituma sokoni kitakwenda kanisani." La pili ni kuviviringisha juu ya kioo. Kichwa kilichonyooka huviringika kimya. Kilichopinda hutingishika, na mkono unajua kabla ya jicho. Hayo yote yanafaa hata leo, hata kwa vichwa vya kununua. Mtu akiwaambia kwamba cha kiwandani hakichambuliwi, huyo hajawahi kufungua boksi lolote.

Vichwa vya Mzee Kasiani vilikuwa vya madini ya risasi matupu, yale mazito ya kijivu mnayoyaona kwenye vizito vya nyavu na vya kusawazishia matairi. Aliyapata kwenye magereji na kwa wavuvi, karibu bure. Aliyayeyusha kwenye chungu cha chuma juu ya jiko la mkaa, akayamimina kwa kijiko kirefu kwenye kalibu ya vipande viwili yenye mikono kama ya koleo, akaigonga kwa rungu dogo la mti, na kichwa kikadondoka kwenye kitambaa kikiwa kinang'aa. Alifanya hivyo mlango ukiwa umefungwa, maana upepo wa mashambani ulipoza kalibu na kuharibu kazi. Ili kusafisha yale madini alitupia kipande cha nta ya nyuki iliyotoka Uchindile. Karakana nzima ilinukia asali. Nakumbuka wanachama wa klabu wakisimama dirishani wakivuta pumzi na kusema, "Aah, hapa panapendeza." Nadhani harufu ile ndiyo iliyotudanganya wote, kwa sababu hakuna anayeogopa moshi unaonukia vizuri.

Mchana tulikula palepale kwenye benchi, wali na kambale. Mzee alivimwagia vidole maji kidogo, akavikung'uta, akamega tonge. Hakuna aliyeshangaa. Hata mimi nilikula hivyohivyo, na nashukuru Mungu kwamba benchi langu lilikuwa upande wa dirisha na mkono wangu haukuwa unakaa juu ya chungu.

Sasa niwaambie kuhusu vichwa vya kupakwa shaba, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Ndani ni madini yaleyale laini, lakini nje vimevikwa ngozi nyembamba ya shaba, nyembamba kweli, kama lile ganda jekundu la karanga. Viko vingine vyenye koti nene la shaba, hivyo ni vya kwenda mbio. Hivi vya kupakwa ni vya mwendo wa wastani. Ukivitia baruti ya kukimbiza sana, ngozi inachanika njiani na kila kichwa kinakwenda kwao. Mdomo wa ganda nao lazima upanuliwe kidogo kabla ya kukiingiza kichwa, la sivyo unakikwangua. Na ukishakiingiza usiubane mdomo kwa hasira. Faida yake ni kwamba mtutu haushiki uchafu wa kijivu, moshi unapungua, na kubwa kuliko yote, hakuna anayeyeyusha kitu. Vinakuja vimekamilika. Unachofanya ni kuchambua, na kunawa mikono hata hivyo.

Mapema tu, mimi nikiwa bado mgeni kazini, Bwana Stavri alirudi kutoka Dar na pakiti ya majaribio ya vichwa hivyo. Akaiweka mezani mbele ya Mzee Kasiani.

"Mzee, jaribu hivi. Wenzetu wa Arusha wameacha kuyeyusha."

Mzee akakichukua kimoja kwa vidole viwili, akakigeuza. "Vimevaa magauni," akasema. "Vinakwenda harusini?"

Tulicheka sana. Hata bosi alicheka. Bosi akasema basi tuvijaze tuvipige, matokeo yatasema yenyewe, na pakiti ikapelekwa kwenye chumba cha kusafishia, yalikokaa maganda, ili vijazwe keshoye.

Chumba hicho kilikuwa cha Masanja. Masanja alikuja bondeni na ng'ombe wa baba yake kutoka Usukumani, ng'ombe wakauzwa baada ya ugomvi wa malisho, naye akaajiriwa kwetu kusafisha maganda yaliyopigwa. Alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Aliyasugua maganda hadi ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Basi bosi alitujazia vile vichwa mwenyewe, tukatoka uwanjani, na mambo yakawa aibu tupu. Matundu yalitawanyika kwenye karatasi kama mtu aliyemwaga choroko. Mtutu ulipotazamwa, umejaa uchafu wa kijivu kuliko hata wa vichwa vyetu vya kawaida. Mzee Kasiani alisimama ameweka mikono nyuma, uso wote unacheka.

"Gauni limechanika," akasema.

Bwana Stavri akatikisa kichwa, akasema Wazungu wametuuzia takataka. Na kwa kuwa vichwa vya mzee vilikuwa vinatoboa karatasi vizuri na madini yake yalikuwa hapo hapo gereji, hakuna aliyezungumzia shaba tena. Chungu kiliendelea kuchemka, kiangazi baada ya kiangazi.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Ulianza na tumbo. Mzee angeacha kazi katikati akajikunja kwenye kiti, akasema tumbo linamsokota, na choo kwake kikawa mashaka. Kwetu hapa bondeni kila kitu kina dawa yake ya mwanzo: akameza za malaria, kisha za taifodi, kisha mkewe Mama Oliva akamchemshia mizizi. Ikaja hasira, yeye ambaye hakuwa mtu wa hasira. Ikaja kusahau. Alikuwa ananiuliza kitu, nikamjibu, akaniuliza tena kile kile, nikidhani ananitania. Ndugu zake wa Mbingu walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, na bila kuchelewa ikasemwa kwamba ni mdogo wake ndiye amemtupia mambo. Wale ndugu wawili waliokua wakilala mkeka mmoja wakaacha kusalimiana. Mdogo mtu alifariki hivyohivyo, hawajapatana, na hilo nalo huwa naliweka kwenye hesabu ya chungu kile.

Hospitali alikwenda, tena si mara moja. Siku moja nilimsindikiza kwa bajaji mimi mwenyewe, kwa kuwa Mama Oliva alikuwa shambani. Tukaketi, tukaitwa, mhudumu akaanza kumuuliza bila kuinua macho. Jina? Kasiani. Umri? Akakadiria. Kazi?

"Mkulima," akasema Mzee.

Na mimi niliyekuwa kando yake sikuona kitu. Kwa nini nione? Nyinyi wenyewe, hata mwenye duka la simu hapa Ifakara, akiulizwa hospitali atasema mkulima. Mwalimu mkulima, fundi wa redio mkulima, katekista mkulima. Mtu wa bonde hili ana jaruba lake la mpunga mahali fulani, na hilo ndilo analoliita kazi. Hayo mengine ni mahangaiko tu ya kiangazi. Mzee hakudanganya. Alikuwa na jaruba Mbingu, na alilipenda. Ila daktari aliyesikia "mkulima" alimtafutia maradhi ya mkulima, akampa dawa za minyoo na za maji machafu, akamwambia ajiepushe na jua kali. Kila tulikokwenda tulilitaja neno hilo hilo kwa moyo mweupe. Najuta kwa ajili yetu sote, maana hakuna aliyekosea na bado mtu aliumia.

Kisha ikaja siku ya kalibu. Ilikuwa asubuhi, mimi niko na ungo wangu, nikasikia kitu kizito kikianguka na mzee akiita "Yesu wangu!" Kalibu ilikuwa chini, madini ya moto yametapakaa sakafuni yanapoa. Hayakumuunguza. Alikuwa ameinua mkono wa kulia anautazama kama wa mtu mwingine. Kiganja kilikuwa kinaning'inia. Alikiinua kwa mkono wa kushoto, akakiachia, kikaanguka tena.

Safari hiyo tulimkuta daktari mgeni, binti mdogo tu, mwenye sauti ya upole. Alimwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama chini. Vikainama vyote viwili, cha kushoto nacho kikiwa kimeanza. Akavishika kimoja kimoja.

"Babu, unalima nini?"

"Mpunga, mama."

"Na mpunga ukishavunwa? Kiangazi unafanya nini?"

Mzee akakaa wima. Mnajua mtu anapoulizwa kitu anachokipenda. "Nayeyusha madini ya risasi," akasema. "Natengeneza vichwa vya risasi. Hakuna anayenishinda kutoka hapa mpaka Morogoro."

Yule binti akaweka kalamu chini. Akauliza mlango unafungwa au unaachwa wazi. Akauliza anakula wapi. Kila jibu lilikuwa linamshusha mabega. Akatueleza kwamba yale madini huingia kwa pumzi na kwa vidole, hukaa mwilini, hula mishipa inayoinua kiganja, husokota tumbo na huvuruga akili. Damu ilipelekwa Dar kupimwa, na majibu yaliporudi alituita tena akasema ipo dawa ya kuyatoa kwenye damu, lakini haina kazi ikiwa mtu anaendelea kuyaingiza. Kuhusu mikono hakuahidi. Alisema kadiri atakavyoacha mapema ndivyo itakavyokuwa na nafasi ya kurudi. Aache leo, akasema, siyo kesho.

Bwana Stavri nilimwambia mwenyewe. Alikaa chini kwenye ngazi, akashika kichwa. Siku ile ile akamtoa Mzee kwenye chungu na kuagiza vichwa vya kupakwa shaba kutoka kwa muuzaji wa Dar.

Vijana, hapa ndipo mtajifunza kununua, maana tulinunua kwa haraka na tukakosea. Bosi aliagiza kwa kutaja jina la bastola. Usifanye hivyo kamwe. Bastola za jina moja zinatofautiana matumbo kama watoto wa mama mmoja. Pima mtutu wako kwanza, kisha agiza kwa kipimo, na kichwa kiwe kikubwa kuliko tundu kwa unene wa karatasi tu, ili kiung'ang'anie mtutu bila kuvuliwa nguo. Muulize muuzaji ngozi ya shaba ina unene gani, na mwendo wa mwisho inayoweza kuhimili. Akianza kuzunguka zunguka, muage kwa heshima utafute mwingine. Na boksi zote ziwe za mkupuo mmoja wa kiwandani, maana mkupuo wa leo na wa mwezi ujao si ndugu. Sisi hatukufanya hata moja. Mzigo ukafika, nikaupima, vichwa vyote vyembamba mno. Vilikuwa vinaingia mtutuni kwa kusukuma na kidole. Tukavirudisha.

Mzigo wa pili ulipimwa sawasawa, lakini ukakwama kwenye karatasi. Basi lilikataa kuubeba bila msindikizaji wa polisi, msindikizaji alihitaji barua, barua ilihitaji mtu aliyekuwa likizo. Kisha masika yakapiga, barabara ikakatika mara mbili, na sisi tukawa tunasubiri. Mashindano ya klabu yalikuwa yanakaribia na rafu za vichwa zilikuwa tupu. Bosi akasema basi, mashindano yasogezwe. Mimi nikafurahi. Nikajua mzee yuko nyumbani anakunywa dawa, anapumzika.

Nilikwenda kumsalimia na kilo mbili za sukari. Nilipofika uani nikasikia harufu ya asali.

Mama Oliva alinipokea kwa macho yaliyovimba. "Mama Beno, nisaidie," akaninong'oneza. "Amehamishia kiwanda jikoni kwangu."

Alikuwa huko ndani kweli, na kalibu yake ya zamani, moshi umetanda mpaka kwenye paa la nyasi. Kwa kuwa kiganja kilikuwa hakinyanyuki, alikuwa amejifunga kijiko mkononi kwa kipande cha mpira wa tairi. Sufuria za chakula zilikuwa palepale kando.

"Baba, unafanya nini?" Nililia, sikuficha.

"Klabu isikose," akasema, bila kunitazama.

"Klabu imesogeza mashindano. Vya shaba viko njiani. Daktari alikuambia nini?"

Akaniuliza polepole, "Hivyo vya shaba vikifika, Adelina, mimi nitakuwa nani?"

Nikamwambia atakuwa mkaguzi. Kwamba mimi nitachambua, naye atapitia nilivyovitoa na kurudisha nilivyovionea, kama siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimeshaongea na bosi, halikuwa neno la kumtuliza mgonjwa. Mzee akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Tukazima jiko. Mimi na Mama Oliva tukaibeba kalibu na chungu hadi karakana, bosi akavifungia. Lakini wiki zile za jikoni zilikuwa zimeshapita, na kila nikizifikiria natamani masika yale yangekawia kidogo, au barua ile ingesainiwa na mtu yeyote mwenye kidole.

Mzigo ulifika maji yalipoanza kupungua. Nilifungua boksi la kwanza mwenyewe, nikamwaga vichwa mezani, nikashtuka. Vilikuwa vyekundu sawasawa, kila kimoja, kutoka pua hadi kitako. Nilivikumbuka vile vya pakiti ya zamani siku ya kuvipiga: vilikuwa na mabaka ya kijivu, vimepauka. Kabla ya hapo nilikuwa nimekiona kimoja tu kwa mbali, mkononi mwa Mzee, nikadhani ndivyo vilivyoumbwa. Nikamwita Masanja.

"Masanja, vile vya kwanza mbona havikuwa hivi?"

Akavitazama. Akakichukua kimoja, akakisugua kwa kidole gumba. Niliona uso wake ukibadilika.

"Dada," akasema, "vile nilivisugua."

"Kwa nini?"

"Nililetewa kwenye chumba cha kusafishia. Vilikuwa vimefifia kidogo, nikavisugua kwa majivu na mchanga, kama sufuria. Nilitaka ving'ae mbele ya bosi."

Hakuna mama wa bonde hili asiyesugua sufuria kwa majivu na mchanga. Hata mimi nilifundishwa hivyo na mama yangu mtoni. Kwa sufuria ni sawa. Kwa ngozi nyembamba kama ya karanga, ni kuimenya. Tulikuwa tumepiga vichwa vilivyovuliwa nguo, tukavilaumu kwa kuwa uchi, na kwa jaribio lile moja mzee alirudi kwenye chungu. Masanja alikaa chini sakafuni. Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Alikuwa amefanya alichokijua, tena kwa bidii. Tulipovijaza vile vipya na kuvipiga, karatasi ilitoboka tundu moja kubwa katikati na mtutu ukabaki safi.

Nilichukua vichwa vichache kwenye bakuli, nikaenda navyo kwa Mzee, kama nilivyomwahidi. Masanja akasema naye anakuja. Tulimkuta Mzee barazani, Mama Oliva akimlisha wali kwa kijiko. Nikaweka bakuli juu ya kigoda mbele yake.

"Baba, kazi imefika. Kagua."

Akatabasamu. Akausukuma mkono wa kulia kwa kutumia bega, kiganja kikaburuzika juu ya bakuli. Vidole vikakigusa kichwa kimoja, vikakizunguka, havikuweza kukibana. Akajaribu kwa wa kushoto. Kichwa kikainuka kidogo, kikaponyoka, kikaviringika barazani kimya kabisa, na mimi nikajua kilikuwa kimenyooka. Akajaribu tena. Mara ya tatu akaurudisha mkono mapajani kwa kuubeba na mwingine.

Mama Oliva alikiokota kile kilichoanguka. Akakigeuza, akakishika juani.

"Ndivyo hivi?" akaniuliza.

"Ndivyo."

"Na hivi haviyeyushwi?"

"Haviyeyushwi, mama. Vinakuja hivyohivyo."

"Vimeanza kuuzwa lini?"

Nilitamani kusema mwaka huu. "Vilikuwepo," nikasema. "Tangu mimi sijaajiriwa."

Hapo Masanja akapiga magoti mbele ya mzee. "Shikamoo baba. Nisamehe. Vile vya kwanza vilikuwa vizima. Mimi nilivisugua kwa majivu nikavitoa shaba. Ndiyo maana vilishindwa."

Mzee Kasiani alimtazama muda mrefu. Sijui alikuwa anakumbuka au anatafuta.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Hata usingevisugua, ningevicheka."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alimhurumia. Masanja aliinuka akatoka nje, tukamsikia analia nyuma ya nyumba. Mama Oliva akakirudisha kichwa ndani ya bakuli, akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akarudi, akakaa karibu na mumewe, akaendelea kumlisha.